Fundi Cherehani Aliyekuja Kuomba Ruhusa

Habari ya kifo chake ililetwa kwangu na mwanamke anayenishonea kanzu. Ilikuwa Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, nami nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba tunayosomeshea watoto hapa Bellevue, Johannesburg, nikijaribu kupasha miguu joto katika kijua hafifu cha Julai. Mama huyu ni Mkongo wa Bukavu, Mkristo, ana duka la ushonaji mtaa wa pili kutoka kwetu, na kwa miaka yote niliyomjua sijapata kumwona akitembea bila futi ya kupimia shingoni. Siku ile hakuwa nayo. Alininyooshea simu yake, kisha akairudisha, maana alikumbuka kwamba bila miwani sioni kitu. "Papa Mwalimu," akasema, "Fundi yetu alikufa. Si jana, si mwaka huu. Alikufa zamani, siye tulikuwa tunaishi tu, hatujue." Nikasema maneno tunayosema sisi tunapofikiwa na msiba, kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Yeye akapiga ishara ya msalaba. Tukakaa kwenye benchi moja.

Wasomaji wa safu hii wamezoea nikiwaandikia habari za watu wa pwani na wa bara waliofia huku ugenini. Leo marehemu wangu ni mtu wa mbali zaidi. Alikuwa mtu wa Ukraine, kwao ni mshairi na mtetezi wa lugha ya bibi zake, na ameuawa katika mji aliozaliwa, mji ulio chini ya jeshi lililouteka. Sitamtaja jina, kama ilivyo desturi yangu hapa, na kusema kweli hata alipokuwa hai mtaani hakuna aliyelitamka sawasawa. Tulimwita Fundi, wengine Fundi Cherehani, naye akaitikia kana kwamba ndilo jina alilobatiziwa.

Alikuja Johannesburg kufunga mitambo mgodini. Kampuni iliyomleta ikafungasha virago, wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki. Kwanza alipanga chumba Troyeville, halafu akahamia kwetu, katika moja ya nyumba hizi za zamani zilizogawanywa kwa mbao hadi sebule moja ikawa makazi ya familia tatu. Siku moja alikuwa akipita mbele ya duka la yule mama, akasimama mlangoni na kutega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Mama alidhani ni mtu wa halmashauri aliyekuja kudai leseni, akaanza kukusanya vitambaa. Mgeni akamwambia kwa Kiingereza kizito, "Mama, mashine yako inaumwa." Akaomba bisibisi, akapiga magoti sakafuni, na baada ya nusu saa cherehani lililokuwa likiruka mishono kwa miezi likaanza kwenda kimya kama paka. Kuanzia siku ile washonaji wa Bellevue nzima, Wakongo, Watanzania na Warundi, hawakumwachia nafasi ya kupumua.

Kiswahili alijifunza dukani kwa mama, kwa hiyo alizungumza kama mtu wa Bukavu aliyezaliwa kwenye theluji. Mimi wa Tanga nilikuwa nikimsahihisha, naye alinishukuru na kuendelea vilevile. Nilipenda kwenda kukaa pale alasiri kwa sababu ya mabishano yao. Namkumbuka mama akimchokoza huku anakata kitambaa: "Fundi, weye ni injinia muzima. Unakuja kukaa Bellevue na siye wakimbizi. Kwenu kulikosekana kitu gani?" Naye bila kuinua kichwa kutoka kwenye mashine akajibu, "Kwetu kulikosekana sombe." Mama akacheka hadi mkasi ukasimama. "Muongo weye! Sombe yenyewe umeijua juzi." Chakula hicho cha majani ya muhogo alikila kwa mikono miwili, na ugali wa hapa, ambao wenyeji huuita papa, alikuwa akiukagua kabla ya kuula kana kwamba nao una kasoro ya kutengenezwa.

Lakini alilokuwa nalo kuliko watu wote niliowahi kukutana nao ni maswali. Aliuliza kila kitu. Kwa nini mnavua viatu na kubaki na kofia? Mtoto akizaliwa hapa hospitalini, kitovu chake mnakizika wapi? Mtu akikopeshwa jina la babu yake, je, na yeye huitwa babu na mama yake mzazi? Akishapewa jibu alianza kuandika. Aliandika popote mkono ulipofika, na mara nyingi ulifika kwenye zile karatasi za kaki ambazo mama hukatia vipimo vya nguo. "Fundi!" nilimsikia mama akipiga kelele siku moja. "Umeandika mashairi juu ya mukono wa gauni ya bibi-arusi!" Akasimama pale na haya usoni. "Mukono wa kushoto, mama, ama wa kuume?" "Wa kuume!" "Basi la kushoto bado sijamaliza." Mama alimrushia kipande cha chaki. Sikumwuliza shairi lile lilihusu nini. Katika miaka miwili na nusu aliyokaa nasi, mimi ambaye nimesoma tungo za dini tangu nikiwa na miaka saba, sikumwuliza hata mara moja anaandika nini. Nilikuwa mtu wa kuulizwa. Mwalimu akizoea kuulizwa, husahau upande wa pili wa kazi.

Mara moja tu nilikasirika naye, na nataka nieleze, kwa sababu ndipo nilipojua alikuwa nani kwao. Alikuja kutengeneza mlango wa darasa letu, akawasikia watoto wakisoma Kurani vizuri kabisa, halafu akanisikia mimi nikiwafafanulia kwa Kiingereza. Tulipotoka nje akauliza kwa nini mtu wa Tanga anawafundisha watoto wa Tanga, wa Unguja na wa Dar es Salaam kwa lugha ya watu wengine. Nikamjibu kwamba wamezaliwa hapa, Kiswahili wanakisikia lakini hawakisemi, wakicheza wanacheza kwa Kizulu, na wazazi wenyewe ndio walioomba hivyo. "Wakiota ndoto wanaota kwa lugha gani?" akauliza. Nikasema sijui. "Waulize," akasema.

Ndipo aliponieleza ya kwao. Bibi yake alisema Kiukraine, wazazi wake wakahamia mjini na kukiacha, kwa sababu pale mjini aliyekisema alionekana mtu wa shamba. Yeye akakulia katika Kirusi, akaanza kutunga kwa Kirusi, akasifiwa. Alipofika miaka thelathini akaiacha sifa ile, akarudi kujifunza lugha ya bibi yake kama mtoto wa darasa la kwanza, akiwa na mke aliyemcheka na marafiki waliodhani amerukwa na akili. Akawakusanya watoto wa mji wake kwenye maktaba kila Jumapili, akawasomea. Akatoka barabarani na mabango. Akapigwa, akatukanwa, mke akaondoka, na mwisho akachoka. "Nilikuja Afrika kupumuzika na magomvi," alisema. Mimi nikamjibu kwa lile jibu lililokuwa karibu, kwamba lugha zote ni ishara za Mwenyezi Mungu na hakuna haja ya kuzigombania. Akasema, "Kama zote ni ishara zake, mzee wangu, kwa nini unaacha moja ipotee hapa mulangoni pako?" Niliingia ndani na kufunga ule mlango aliotoka kuutengeneza. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata robo saa ya mwisho ya somo niliifanya kwa Kiswahili, watoto wakanung'unika, "Eish, Mwalimu, hatujazoea!" na sikumwambia yeye lolote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Hapa kwetu kuna desturi ambayo Watanzania wameileta na Wakongo wengi wa mtaa huu wameichukua, kwamba mtu hasafiri safari kubwa bila kwenda kwa mzee. Huja baada ya alasiri, akavua viatu, akakaa mkekani, akasema amekuja kuaga. Huitwa kuaga, lakini maana yake ni kuomba ruhusa. Mzee husema maneno mawili matatu, huinua mikono na kuomba dua, na msafiri huondoka akiwa na moyo mwepesi. Nimeagwa hivyo na watu wengi sana kwa miaka thelathini. Wengi wao walikuwa wakienda nyumbani kumwona mama mgonjwa, na ukishaagwa na watu mia kwa shida moja, jibu hulala ulimini tayari.

Fundi alikuwa ameona haya yote. Alasiri moja akaja, viatu mkononi, koti la baridi mwilini ingawa kulikuwa na joto, akakaa mkekani kwa shida kwa sababu ya magoti yake. Watoto walikuwa wanaanza kuingia darasani.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwetu. Kwa mama."

"Mama mzima?"

"Muzima. Miguu tu ndiyo inamukatalia."

"Basi unakaa hapa unafanya nini, mwanangu? Nenda. Mama hangojwi."

Hakunyanyuka. "Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu," nikasema, nikainua mikono, naye akainua yake. Nilimwombea njia salama, nikaingia darasani. Yale yote hayakuchukua dakika tano. Redio zilikuwa zimekwisha kusema wiki nzima kwamba majeshi yamekusanyika kwenye mpaka wa nchi yake, na mimi husikiliza redio kila asubuhi. Nilisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine.

Alifika kwao vita havijaanza. Vilipoanza, mji wake ulitekwa katika siku chache. Mwanzoni alikuwa akimwandikia yule mama wa dukani maneno mafupi, anauliza hali ya mashine hii na ile, halafu maneno yakakoma. Tuliambizana kwamba mtandao umekatwa. Tukaendelea kuambizana hivyo miaka.

Jumatano ile ndipo tulipopata yaliyobaki, katika ujumbe mrefu wa dada yake, ambaye alikuwa amekimbilia nchi ya jirani mapema. Waliouteka mji walibadilisha lugha ya shule na vitabu vya shule. Fundi akawakusanya watoto wa majirani jikoni kwa mama yake, wanne, halafu tisa, akawasomea kama alivyokuwa akifanya maktabani. Aliwapelekea mkate wazee waliobaki peke yao ghorofani. Aliandika mashairi kwenye vikaratasi na kuyaacha katika masanduku ya barua ya watu. Walikuja kumchukua, wakamwachia baada ya siku sita akiwa na mkono uliovunjika. Walipokuja mara ya pili hawakumrudisha. Mtu aliyefungwa naye chumba kimoja, na ambaye baadaye aliachiliwa, ndiye aliyemwambia dada kwamba aliuawa mlemle mahabusu. Maiti yake haikutolewa, kaburi halijulikani. Mama yao alitolewa mjini na majirani kwa njia ya kuzunguka, akiwa katika kiti cha magurudumu, na sasa yuko kwa binti yake. Yeye ndiye aliyekuwa ametunza namba ya simu ya duka.

Mwishoni dada aliandika hivi: kaka yake alimwambia kwamba kabla ya kuondoka Afrika alikwenda kwa mzee wa dini wa huko, na mzee akamwambia aende kwa mama. Angependa kuzungumza na mzee huyo.

Mama wa dukani aliposoma hapo akainua macho. "Alikuambia kuhusu vita, Papa Mwalimu?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Nilimwambia darasa linaningoja, na haikuwa siku ya darasa.

Siku tisa zilipita nisipige simu. Nilisali, nikarudia kusoma niliyoyasoma ujanani, nikitafuta mahali pa kusimama. Nililolipata likanitoa jasho. Kuna simulizi tuliyofundishwa, ya mtu aliyekwenda kwa Mtume kutaka ruhusa ya kutoka kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, akajibu ndiyo, akaambiwa basi jihadi yake iko katika kuwatumikia hao. Nimeifundisha mara zisizo na idadi. Nililomjibu Fundi lilitoka humo moja kwa moja. Lakini mtu yule alirudishwa kutoka vitani kwenda kwa wazazi, na mimi nilichukua jibu lile lile nikampeleka mtu vitani. Aliyeombwa ruhusa zamani zile aliujua mji, alivijua vita, na alimjua aliyekuwa mbele yake. Mimi nililijua jibu, basi.

Na bado sikupiga. Nilikuwa nikiogopa kitu kimoja tu, kwamba dada wa Fundi ataniuliza swali lile la mama wa dukani, na nitalazimika kulijibu. Siku ya kumi mama alinifuata hadi msikitini, akasimama nje ya geti na kuniita mbele ya watu. "Papa Mwalimu, weye unafundisha watu habari ya Kiama, simu moja ya mwanamuke inakutetemesha?" Wazee wenzangu wakacheka. Nikamfuata hadi dukani kwake.

Yule dada alipokea simu kwa mlio wa pili. Tulizungumza Kiingereza, chake cha shule na changu cha Johannesburg.

"Wewe ndiye yule mzee?"

"Ndimi."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na miwili."

"Nilikufikiria mzee zaidi ya hapo," akasema, na akavuta pumzi. "Wiki tatu nzima nilikuwa nikimsihi asije. Alikuwa amekubali. Halafu akanipigia akasema amekwenda kwa mtu wa Mungu, na mtu wa Mungu amesema mama hangojwi. Nimekuchukia miaka yote hii bila kuujua uso wako. Sasa niambie. Alikuambia kwamba majeshi yako mpakani? Alikuambia kwamba mtu kama yeye, wakiuteka mji, atakuwa wa kwanza kutafutwa?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Cherehani la mama lilikuwa likienda, likasimama. Nilikuwa na neno kudra mdomoni. Ni neno la kweli, naliamini usiku na mchana, na nitakufa nikiliamini. Lakini niliona kwamba nikilisema pale, kwa mwanamke yule, nitakuwa nimejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya nguo ya mama. Nikasema, "Sikumuuliza. Nilikuwa na darasa. Nilimjibu kama ninavyowajibu watu wote, na sikujua ninamjibu nani. Nisamehe."

Dada akaondoa simu mdomoni. Kisha nikasikia sauti nyingine chumbani kwake, sauti ya kizee, na wakaanza kuzungumza wao kwa wao kwa lugha ambayo kaka yake aliifia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia, kwa sababu sikuwahi kumwomba anisemee hata neno moja. Inapanda na kushuka polepole. Dada akarudi kwenye simu. "Mama anasema kama mwanawe angemuuliza yeye, angemwambia abaki Afrika. Anasema hakumuuliza kwa sababu alilijua jibu." Akangoja kizee aendelee. "Anasema mwanawe alimbebea maji hadi ghorofa ya tano, majira yote ya baridi. Kila siku alimfukuza arudi kwenu, na kila siku alifurahi kwamba hakumsikiliza. Anasema asante." Sauti yake ikabadilika. "Hiyo asante ni ya mama. Mimi bado."

"Nitangoja," nikamwambia.

"Unaweza usiipate."

"Nitangoja hivyo hivyo."

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: kaka yake alikuwa akiishi vipi huku? Alikuwa akicheka na nini? Kwa barua hakuwa mtu wa kueleza. Nilifungua mdomo, nikakuta nina mambo mawili au matatu tu. Nikampa simu mama wa Bukavu. Alizungumza naye kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa mikono, hadi simu ikaanza kulia kuomba chaji, na katikati nikamsikia yule dada akicheka, nadhani bila kukusudia. Nilitoka nje nikiwa na aibu na shukrani kwa pamoja. Nilimshukuru Mola kwa kuniacha hai hadi nikaulizwa swali lile hapa duniani, mahali ambapo mtu bado anaweza kujirekebisha.

Na nafasi ya kujirekebisha haikuchelewa. Mama huyu ana mdogo wake wa kiume, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mlinzi wa geti la maduka kule Diepsloot. Ijumaa iliyopita alikuja kwangu baada ya alasiri, Mkristo huyu, akavua viatu vya kazi na kukaa mkekani. Dada yake akakaa kizingitini, uso chini. "Papa Mwalimu, nimekuja kuaga." Anakwenda Bukavu. Mama yao yuko peke yake, na mji uko mikononi mwa watu wenye bunduki. Niliusikia ulimi wangu ukijiandaa. Nikaushika. Nikamwambia, "Kaa vizuri kwanza, uniambie."

Nikaanza kumwuliza. Atapita njia gani? Nani anaishika njia hiyo? Pale mtaani nani bado anamjua? Alikuwa akifanya kazi gani kabla hajaondoka? Akajibu kwa shingo upande mpaka tulipofika hapo. "Nilikuwa ninatangaza ku redio," akasema. Nikamwuliza alikuwa akitangaza nini, na akaniambia, maovu ya watu hao hao wenye bunduki, na dada yake pale mlangoni akaanza kulia taratibu, maana alikuwa akiyajua hayo muda wote na hakuna aliyemwuliza yeye pia.

"Mama yenu umemwuliza?" nikasema.

"Hapana, Papa. Nikimuuliza atakataa." Akajisikia alivyosema, akacheka kidogo kwa uchungu.

"Mpigie."

Tuliweka simu mkekani katikati yetu, sauti juu. Niliamkia, nikajitambulisha, nikamwambia mwanawe amekuja kwangu kutaka ruhusa na mimi sina haki ya kuitoa kabla sijamsikia yeye. Kwa mbali palikuwa na jogoo na mlango wa bati unaogongwa na upepo. Kikongwe akasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga vitu vya nyumbani, "Papa, nyumba iko na chumba kimoja. Kitanda kiko chini kabisa, hata muchele sipitishe. Huyu mutoto aliondoka hapa akipita mulango kwa kuinama. Akikuja, mi nitamuficha wapi mutu mukubwa vile?"

Yule mtu mrefu aliinamisha kichwa hadi kikakaribia simu, akasema, "Basi, mama. Nimesikia." Akamwuliza ana kuni, ana dawa za presha, jirani gani anamchotea maji. Waliongea hayo hadi magharibi inaingia, na yeye na dada yake wakakubaliana ni nani kati ya watu wao wa kule atakayelala pale kwa mama. Jumatatu alirudi kazini kwake getini. Sikumwambia aende wala abaki. Huenda mambo yakibadilika atakuja tena, na huenda safari hiyo atakuwa na haki ya kwenda.

Fundi alikuwa mwanafunzi wangu wa Kiswahili, au ndivyo nilivyodhani. Mimi ni mtu wa kitabu, na nilidhani elimu ni kuwa na majibu yaliyo sahihi. Jibu langu kwake lilikuwa sahihi, limetoka mahali pasafi, na liliangukia mtu nisiyemjua. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua alilazwa wapi, naye ndiye atakayemlipa kwa kila ndoo ya maji aliyoipandisha hadi ghorofa ya tano na kwa kila mtoto aliyemsomea jikoni. Mimi nimebakiwa na muda mchache na kazi ndogo. Watu bado wanakuja baada ya alasiri kuniaga, na ninawakaribisha wote, wa dini yangu na wasio wa dini yangu. Waje tu na nafasi ya kutosha, kwa sababu siku hizi chai inapoa na birika la pili linaisha kabla sijainua mikono.